Mama wa Lugha Nne

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu ambao sijawahi kuwaona. Nikisema hivyo pale kituo cha chai Kimulot, tukingoja lori lije kuchukua majani, vijana hudhani nilikuwa karani wa mahakama. Sikuwa. Watu hao wanaishi kisiwa cha Guinea Mpya, mbali kupita Bahari ya Hindi yote, katika bonde moja lenye mto, na wana lugha nne. Mimi nilikuwa Kericho mjini, ghorofani juu ya duka la mbolea, na hedifoni masikioni.

Nawaandikia ninyi mnaosomea lugha kwa sababu Chepkoech, mjukuu wa dada yangu, ameanza kazi hii chuoni na ameniuliza siri yake. Siri sina. Nina makosa, na moja kati ya hayo lilizaliwa na wivu. Wivu huo nilikaa nao muda mrefu kuliko nilivyokaa na ng'ombe yeyote.

Kwanza kazi yenyewe. Mswahili husema tatu, Mkikuyu ithatu, Mkisii isato. Hawakuazimana. Wote walirithi kwa bibi mmoja wa zamani ambaye hakuna aliyeandika maneno yake. Ukikusanya maneno ya kutosha kutoka kwa wajukuu, unaweza kukisia bibi alisemaje. Lugha zile nne za bondeni tuliziita ya Juu, ya Kati, ya Chini na ya Ng'ambo, kufuatana na mto. Pale watu wa Juu wanaposema k, wale wa Chini hawasemi kitu, wanaimeza. Ukiliona hilo katika neno moja, ni bahati. Ukiliona katika maneno thelathini, ni sheria, na sheria ndiyo inayokurudisha kwa yule bibi, ambaye katika kazi yetu tunamwita lugha ya mama. Mbele ya neno la mama tunaweka nyota ndogo, kumwambia msomaji: hili hakuna aliyelisikia, tumelikisia.

Jihadharini na maneno ya kununua. Mkipsigis, Mluo na Mkisii wote wana neno la chai linalofanana. Mwanafunzi mwenye haraka atasema basi babu zao walikunywa chai pamoja kabla ya kutawanyika. Nami nilikuwa na haraka hiyo. Mwaka wangu wa kwanza neno la shoka la chuma nililiwekea nyota, ingawa chuma kililetwa bondeni na wageni juzi tu.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Sang. Alikuwa ameishi bondeni miaka tisa akitafsiri Injili, akarudi nyumbani na masanduku sita ya kanda. Aliniajiri kwa sababu ya mwandiko wangu, si kwa akili. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kirui," aliniambia siku ya kwanza, "sikiliza neno mara tatu. Mara ya nne utaanza kusikia unachotaka." Hiyo ikawa dini yangu. Alinifundisha pia niandike pembeni kila kitu kisichokuwa neno: kikohozi, kicheko, mvua juu ya paa, mtu aliyeingia na kuketi.

Sauti kubwa katika zile kanda ilikuwa ya mama mmoja wa lugha ya Juu, jina lake Yaru. Nilimsikiliza miaka kumi na miwili. Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya kudanganya, na anavyocheka mwenyewe akishadanganya. Mwalimu akimuuliza neno la "mume", alijibu kwanza neno la "mzigo", akacheka, ndipo akatoa lenyewe. Nilimpenda kama shangazi. Nilikuwa nikichuma chai Jumamosi, nikirudia maneno yake kimoyomoyo mstari mpaka mstari, na nilijiahidi kwamba siku moja nitaketi mbele yake nimsalimie kwa lugha yake mwenyewe.

Kisha akaja Akinyi.

Akinyi alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba yake alitoka upande wa ziwa kufanya kazi ya boila kiwandani. Jirani yao wa kushoto alikuwa Mkisii, wa kulia Mluhya, na wanaoleta maziwa walikuwa Wakipsigis, kwa hiyo mtoto huyu alikua anatukana kwa lugha tano. Aliletwa ofisini anisaidie. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kurudisha kanda kwa penseli mashine ikiila.

Wakati huo nilikuwa nimeshughulika wiki tatu na mwisho fulani wa neno, *sue*. Katika kanda moja kila jibu la Yaru liliishia na *sue*. Jiwe-sue. Moto-sue. Kidole-sue. Niliandika kurasa kumi na moja kueleza kwamba hiyo ni alama ya heshima, na kwamba lugha ya mama nayo lazima ilikuwa nayo. Akinyi alivaa hedifoni yangu, akasikiliza mara moja, akaanza kucheka.

"Bwana Kirui, kuna nguruwe hapo."

"Nguruwe gani?"

"Sikiliza chini ya sauti yake. Anakoroma. Huyu mama anajibu, halafu anafukuza nguruwe. Sue ni 'toka'."

Nilisikiliza. Nguruwe alikuwepo, wazi kabisa. Nilicheka pamoja naye, Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Lakini jioni hiyo, nikifunga madirisha, nilijikuta nikihesabu. Miaka kumi na miwili nimemsikiliza Yaru, na huyu msichana wa wiki mbili ndiye aliyemsikia.

Inanibidi niwaeleze jambo moja kuhusu masikio yangu. Kwetu Kipsigis hakitenganishi p na b, wala t na d, wala k na g, jinsi lugha nyingine zinavyotenganisha. Nilipokuwa darasa la tatu nilisimama kuomba mbele ya shule nzima, nikaanza, "Papa yetu uliye mbinguni." Hakuna mtoto aliyecheka, maana hakuna aliyesikia kosa. Alicheka mwalimu peke yake, mgeni, akanirudisha nirudie mara sita, na mara zote sita nilidhani nasema vizuri. Watu wamenitania hivyo maisha yangu yote. Nimesikia utani huo kwa mapolisi, kwa makarani wa benki, hata kwa padri. Kwa hiyo nilikuwa na donda, na donda halipendi kuguswa.

Basi nafasi moja ikapatikana ya mtu kwenda bondeni, aishi na watu, amalizie kazi. Nilikwenda nikanunua viatu vya mpira. Nilimwambia mke wangu. Mwalimu Sang aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, nikajua hata kabla hajakaa.

"Nimemchagua Akinyi," alisema.

"Amefanya kazi miaka minne tu, Mwalimu."

"Najua. Wewe una macho, Kirui. Hakuna anayepanga kadi kama wewe. Lakini kule kunataka masikio."

"Yaru namjua mimi."

"Yaru hakujui wewe," alisema, si kwa ubaya. "Utabaki hapa, utaandaa kitabu. Kitabu kitakuwa na jina lako."

Nilimpongeza Akinyi. Nilimpa hata vile viatu vya mpira, vikawa vikubwa kwake. Siku alipoondoka niliingia chai nikachuma vibaya, majani makubwa makubwa, na karani wa kituo akanirudishia nusu ya kikapu.

Kutoka bondeni aliandika barua ndefu. Yaru amezeeka lakini meno bado anayo manne. Yaru amempa jina. Yaru amemfundisha kuvuka mto kwa kushika mkia wa mbwa. Mwalimu alizisoma kwa sauti wakati wa chai ya saa nne, akifurahi, nami nilikoroga sukari ambayo ilishayeyuka zamani. Barua ilipokuja kusema Yaru amefariki, nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Nililia, ndiyo. Lakini semeni ukweli wenu nami niseme wangu: nusu ya machozi ilikuwa kwa sababu Akinyi ndiye aliyemshika mkono.

Kitabu kilikuwa karibu tayari. Kilikuwa orodha ya maneno ya lugha zote nne, na neno la mama lenye nyota juu ya kila kundi. Kwa watu wa bondeni kingekuwa kitabu cha kwanza kabisa chenye maneno ya lugha zao zote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba lugha ya mama haikuwa na b, d wala g. Ilikuwa na p, t, k tu, kama kwetu. Chati yangu ilikuwa safi, haina hata pengo moja. Na ukurasa wa kwanza niliandika kwa mkono wangu, kwa lugha ya Juu, maneno ya kumkumbuka Yaru, ambayo kwa Kiswahili ni: *Kwa apu wetu, Yaru.* Apu ni bibi, mama wa mama.

Wiki chache kabla ya kitabu kwenda kupigwa chapa nilikwenda posta kama kawaida. Kulikuwa na barua ya rejista kutoka kwa Akinyi. Nikasaini, nikaifungulia palepale kaunta.

Ilikuwa orodha ya maneno arobaini. "Bwana Kirui," aliandika, "hapa kuna sauti mbili, si moja. Nimewajaribu watu wanane. Tafadhali badilisha haya kabla ya chapa. La kwanza ni muhimu kuliko yote." La kwanza alikuwa amelipigia mistari miwili: *abu* ni bibi. *Apu* ni nyama iliyooza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi inapofundishwa. Katika kadi zangu apu lilikuwa neno moja lenye maana mbili. Nilishaliona jambo hilo. Nilishaandika hata aya nzima, nzuri sana, nikieleza jinsi maana ilivyohama kutoka uzee hadi kuoza. Mkijikuta mnaandika aya nzuri sana kuunganisha vitu viwili ambavyo havihusiani, simameni. Huenda ni maneno mawili na ninyi mmesikia moja.

Mimi sikusimama. Nilisoma ile barua nikamsikia yule mwalimu wa darasa la tatu. Nilijiambia: Ameshachukua safari, amechukua Yaru, sasa anataka kuniambia sijui kusikia. Niliikunja, nikaiweka nyumbani katikati ya kitabu cha nyimbo cha zamani ambacho hakuna anayekifungua. Kitabu kilikwenda kupigwa chapa kama kilivyokuwa.

Vitabu vilifika bondeni kwa ndege ndogo siku walipokuwa wamekusanyika kumaliza matanga ya Yaru. Akinyi alikuwa hajafungua maboksi. Binti ya Yaru, ambaye Akinyi alimfundisha kusoma, alipewa heshima ya kusoma ukurasa wa kwanza mbele ya watu. Alisoma kama ulivyoandikwa. Kisha akasoma tena, polepole, akidhani amekosea yeye. Halafu akakiweka kitabu chini na kuingia ndani.

Haya niliyajua kwa barua ya Akinyi kwa Mwalimu. Kwa mwaka mzima hakuna aliyekubali kusema mbele ya mashine yake. Ndugu za Yaru walitaka nguruwe wawili wa kuosha jina, naye aliwatoa. Watoto walimwita kwa lile neno akipita.

Mwalimu Sang aliniita. Alikuwa ameanza kukonda wakati huo. "Akinyi anasema alituma masahihisho. Uliyaona?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili.

"Sikuyaona, Mwalimu."

"Kwa rejista, anasema."

"Posta ni posta, Mwalimu."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini, miaka yote hiyo? Alimwandikia Akinyi barua ya kumkemea, kwamba jambo kubwa namna hiyo halitumwi mara moja tu, na alipaswa kufungua maboksi kabla ya kugawa. Barua hiyo niliipiga taipu mimi. Nilirekebisha hata koma zake.

Miezi michache baadaye Mwalimu alilazwa hospitali ya Longisa. Nilikuwa nikimpelekea uji kila siku ya pili. Alipenda kuongea juu ya lugha ya mama, akisema siku moja itakamilika, Akinyi na mimi tutaikamilisha. Alikufa akijua kwamba Akinyi ni mzembe kidogo na mimi ni mwaminifu.

Akinyi hakuacha kazi. Aliwarudia watu nyumba kwa nyumba, bila mashine, kwa kalamu tu, hadi wakamzoea tena. Alikuja likizo mara kwa mara. Tulisalimiana kama watu wanavyosalimiana kanisani. Mashine za kanda zikaondoka, zikaja kompyuta zinazochora sauti kama vilima, na mimi nikastaafu kabla sijazizoea. Akinyi akajenga nyumba karibu na Chepilat. Kila mara nilipopata habari yake, niliuliza kwanza kama amechapisha kitu, na nikiambiwa ndiyo, sikulala vizuri.

Mwaka huu alinipigia simu. Kamusi ya lugha ya mama imekamilika, alisema. "Nataka jina lako liwe la kwanza, Mzee Kirui. Wewe ndiye ulianza."

Miaka mingi nilikuwa nimetamani maneno hayo. Nilishukuru, nikakata simu, nikashindwa kula. Mke wangu akaniuliza nani amekufa. Siku ya tatu nilifungua kile kitabu cha nyimbo, nikatoa barua, nikaenda Chepilat.

Akinyi alikuwa nje akianika mahindi juu ya turubai. Nywele zimeingia mvi. Alinikaribisha, akaniletea chai, akaketi. Niliweka barua juu ya meza. Sikuweza kusema zaidi ya, "Ilifika."

Aliitazama bila kuigusa. Akaingia ndani, akarudi na kadi ndogo ya posta iliyochakaa pembeni. Ni ile kadi inayorudishwa kwa aliyetuma rejista. Ilikuwa na saini yangu.

"Nilijua," alisema. "Hii ilizunguka posta karibu miaka miwili kabla ya kunifikia."

"Na hukumwambia Mwalimu?"

"Ilipofika, Mwalimu alikuwa Longisa. Nikaambiwa wewe ndiye unampelekea uji. Sasa ningemwambia nini? Huyo anayekulisha ni mwongo?"

"Ungeniambia mimi."

"Nilikungoja uniambie. Miaka ya kwanza nilikungoja sana. Baadaye nilichoka kungoja, nikafanya kazi."

"Na hili la jina la kwanza?"

"Hilo nilitaka nione kama utalimeza."

Kuku walikuwa wakiiba mahindi na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kuuliza: kweli tofauti ipo? Akaniambia nigeuke nitazame ua. Alisema maneno kumi ya bondeni nyuma yangu, nami nikataja kila moja kama lina p au b. Nilipata sita.

"Hata hao kuku wangepata matano," alisema, na hapo alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Sikuwa nakucheka katika ile barua, Mzee. Mimi pia kuna sauti za Kipsigis hazinikai sikioni mpaka leo. Ungeniuliza tu."

Nilimwambia atoe jina langu kabisa. Alifikiri.

"Litabaki," alisema. "La pili. Na kuna kazi. Nakala zilizobaki za kile kitabu ziko stoo ya ofisi, mia na kumi. Watu wa kule wanazihitaji bado kwa shule, hata baada ya kamusi. Maneno arobaini, kila kitabu. Kwa mkono wako, uandike vizuri kama ulivyokuwa ukiandika."

Nilifanya kazi hiyo miezi mitatu, mezani kwangu Kimulot, wino mweusi na rula. Chepkoech alilinganisha kila ukurasa na orodha, maana masikio yangu ningeyaamini vipi tena? Niliandika abu mara mia na kumi. Katika kila kitabu niliongeza mstari mmoja chini ya jina la Yaru, kwa lugha yake, kwamba kosa ni la aliyeandika, na jina langu kamili. Akinyi alisahihisha sarufi ya mstari huo mara mbili.

Wiki iliyopita aliondoka tena kwenda bondeni, mara ya mwisho, anasema, magoti yanakataa. Nilikwenda ofisini kumuaga. Aliniambia binti ya Yaru sasa ni bibi mwenyewe, na atampokea uwanja wa ndege ndogo, na watavuka mto kwenda kulala nyumbani kwa Yaru. Alisema hivyo kama mtu anayesema anakwenda sokoni. Nami, mzee wa miaka sabini na miwili, nilisimama pale nikihisi wivu uleule, mbichi, kana kwamba ni siku ile ya viatu vya mpira.

Boksi la vitabu nilivyovisahihisha lilikuwa zito. Nilishika upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukaliteremsha ngazi mpaka kwenye gari.